Picha ya Mtume: katazo moja au mengi?

Mwezi Oktoba 2022, mwalimu wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Hamline, jimboni Minnesota, Marekani, aliwaonyesha wanafunzi wake mchoro uliotoka Tabriz, Uajemi, mwanzoni mwa karne ya 14. Ndani yake Malaika Jibrili anamletea Mtume Muhammad (S.A.W.) wahyi, na uso wa Mtume uko wazi. Mwalimu alikuwa ametoa tahadhari mapema ili asiyetaka kuona asione. Hata hivyo mwanafunzi mmoja Mwislamu alilalamika, uongozi wa chuo ukatamka kwamba kilichofanyika ni chuki dhidi ya Uislamu, na mwalimu hakupewa kazi muhula uliofuata. Kilichowashangaza wengi ni kwamba taasisi mbili kubwa za Waislamu wa Marekani, MPAC na makao makuu ya CAIR, hazikuunga mkono chuo. Ya kwanza ilimtetea mwalimu waziwazi. Ya pili ilisema haikuona ushahidi wa chuki katika alichokifanya.

Mwanafunzi hakuwa ametunga dini yake. Alilelewa akijua kwamba Mtume hachorwi. Na mchoro nao haukuwa kazi ya adui: ulichorwa katika karakana ya Rashid al-Din, waziri wa wafalme wa Kimongoli waliokuwa wamesilimu, ndani ya kitabu cha historia ya ulimwengu. Waislamu waliuagiza na Waislamu waliusoma.

Tatizo ni kwamba sentensi “Uislamu umekataza kumchora Mtume” hubebwa kama katazo moja lenye sababu moja. Ukilifumua unakuta makatazo kadhaa yaliyosukwa pamoja kama chane za ukili: hofu ya ushirikina, hofu ya kujifananisha na Muumba, hofu ya kumzulia Mtume au kumshusha hadhi, na hasira dhidi ya dharau. Kila moja lina chimbuko lake, na si kila moja linagusa kila picha. Anayeyachanganya hataelewa kwa nini Sultani wa Istanbul, mlinzi wa Makka na Madina, aliagiza mamia ya picha za maisha ya Mtume. Wala hataelewa kwa nini Tehran, mji ambako picha ya Mtume akiwa kijana iliuzwa madukani, ubalozi wa Denmark ulishambuliwa kwa sababu ya vibonzo.

Watu wa Nuhu na pazia la Bibi Aisha

Tuanze na Qurani, maana wengi hudhani jibu limo humo moja kwa moja. Hamna aya inayosema “usichore”. Kinachokatazwa, tena kwa ukali usio na mjadala, ni kuabudu asiyekuwa Mungu. Nabii Ibrahimu anawauliza watu wake, katika Sura ya Al-Anbiyaa, ni nini haya masanamu wanayoyaganda kwa ibada. Lakini katika Sura ya Sabaa majini wanamtengenezea Nabii Suleimani mihrabu na masanamu, na aya haimlaumu. Wafasiri walihangaika na aya hiyo. Wengi wao walisema jambo hilo liliruhusiwa katika sheria za manabii waliotangulia, kisha likafungwa.

Aya inayogusa hasa suala la watu watakatifu iko kwingine, katika Sura ya Nuh. Inataja majina matano ambayo kaumu ya Nuhu ilikataa kuyaacha: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea maelezo ya Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, kwamba hao walikuwa watu wema. Walipofariki, Shetani aliwashawishi wenzao wasimamishe masanamu mahali walipokuwa wakikaa na kuyaita kwa majina yao. Kizazi cha kwanza hakikuyaabudu. Kilikumbuka tu. Kizazi kilichosahau sababu ndicho kilichoabudu.

Kwangu hilo ndilo andiko zito kuliko yote katika mjadala huu, kwa sababu halimsemi mchoraji kuwa ni mwovu. Linasema nia nzuri ya babu haimzuii mjukuu kupotea. Na linaeleza kwa nini picha ya mtakatifu inaogopwa kuliko picha ya mtu wa kawaida: hakuna anayeelekea kumsujudia mfanyabiashara wa nguo, bali walii husujudiwa. Hadithi nyingine iliyomo kwa Bukhari na Muslim inakwenda njia hiyohiyo. Ummu Habiba na Ummu Salama, wake za Mtume waliokuwa wamehajiri Habasha, walimweleza Mtume juu ya kanisa waliloliona huko, lenye picha ndani. Akasema watu hao, anapokufa mtu mwema kati yao, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuweka humo picha hizo.

Pingamizi la pili ni jingine kabisa. Hadithi sahihi zinasema wachoraji wa vyenye roho watapata adhabu kali Siku ya Kiyama, wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Mmoja wa majina ya Mwenyezi Mungu ni Al-Musawwir, Mtia sura. Kosa hapa si kuabudu. Kosa ni kuingilia kazi isiyokuwa yako. Ndiyo maana Ibn Abbas alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora, hakumwambia aache kazi. Alimwambia achore miti na visivyo na roho.

Zipo pia hadithi za nyumbani, ambazo ndizo zinazoonyesha jinsi mambo yalivyokuwa na pembe nyingi tangu mwanzo. Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha, Mtume akakasirika, likachanwa na kufanywa mito ya kuegemea. Wanazuoni wengi wakachukua hapo tofauti kati ya picha inayotukuzwa ukutani na picha inayokaliwa. Kuna hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa au picha, na katika mapokezi mengine ikaongezwa kauli inayoondoa mchoro ulio kwenye nguo. Na kuna wanasesere wa Bibi Aisha, akiwemo farasi mwenye mbawa, ambaye kwa mapokezi ya Abu Daud alimfanya Mtume acheke.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikusanya haya yote katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, mkusanyo wa hadithi, na kutoa hukumu ngumu: kuchora chenye roho ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho, kiwe kwenye nguo, sarafu au ukuta. Hukumu hiyo ina uzito kwetu kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki ni ya Kishafii, na kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kimesomeshwa madrasa za Lamu na Zanzibar vizazi na vizazi. Lakini Nawawi mwenyewe anataja kwamba baadhi ya waliotangulia walikataza vyenye kivuli tu, yaani masanamu. Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, alinasibishwa na msimamo huo, na wanazuoni wengi wa Kimaliki walisema picha isiyo na kivuli ni makuruhu tu. Nawawi aliiita rai hiyo batili. Wenzake hawakuifuta.

Angalia kitu kimoja ambacho hupita bila kusemwa. Kwa hukumu hii ya pili, kuchora mbuzi na kuchora walii ni kosa la jinsi moja. Haina lolote la pekee juu ya Mtume. Na karne ya 20 iliidhoofisha kuliko pingamizi lolote jingine. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri, alitoa hoja kwamba kamera haiumbi kitu, inanasa tu kivuli ambacho Mungu mwenyewe amekiumba. Sheikh Ibn Baz wa Saudia hakukubali hoja hiyo na aliruhusu picha kwa dharura tu, lakini leo pasipoti ya kila hujaji ina picha, na mahubiri ya masheikh wanaokataza picha husambaa kwa video. Iwapo sababu ingekuwa hiyo peke yake, katazo la kumchora Mtume lingekuwa limelegea pamoja na mengine. Halikulegea. Limezidi kukaza.

Msikitini hapana, kitabuni labda

Tangu mapema Waislamu walitenganisha mahali. Kubba ya Mwamba pale Jerusalem, iliyojengwa mwaka 72 Hijria (691–92), haina mtu wala mnyama: ni maandishi, mizabibu, mataji na vito. Msikiti Mkuu wa Damascus una michoro ya vigae ya majumba, mito na miti mikubwa, bila nafsi hata moja. Lakini watawala wa ukoo huohuo wa Bani Umayya walikuwa na kasri jangwani, Qusayr Amra katika Jordan ya leo, ambayo kuta zake zimejaa wawindaji, wanamuziki na wanawake wakioga. Na msahafu, kwa karne zote na katika nchi zote, haukutiwa picha ya kiumbe chenye roho.

Pwani yetu ilifuata kanuni ya msikitini bila kuyumba. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107), yaliyonakshiwa hadi herufi zinachipua majani. Milango ya Zanzibar na Lamu ina waridi, minyororo, mawimbi, na mara nyingine samaki aliyegeuzwa nakshi kiasi kwamba inabidi uambiwe ni samaki.

Kilichokosekana pwani, lakini kikastawi Uajemi na Uturuki, ni picha ndani ya kitabu. Nasaha ya kwanza kwa anayetaka kuzielewa picha hizo ni asizione kama picha za kanisani. Hazikutundikwa, hazikubusiwa hadharani, hazikubebwa katika maandamano. Zilikaa ndani ya kitabu kilichofungwa, katika maktaba ya mfalme, zikionekana na watu wachache waliojua kusoma hadithi iliyo pembeni mwake.

Nakala ya Rashid al-Din yenye tarehe ya 1314, ambayo sehemu yake iko Chuo Kikuu cha Edinburgh, inamwonyesha Mtume kama mhusika wa historia. Anazaliwa. Mtawa Bahira anamtambua akiwa kijana. Anaweka Jiwe Jeusi kwa busara ile ya shuka, ambapo wakuu wa makabila wanashika pembe ili wasigombane. Uso uko wazi, kama uso wa mtu mwingine yeyote katika kitabu hicho. Mchoraji anasimulia, basi.

Karne moja baadaye, Herat, katika Afghanistan ya leo, mambo yanabadilika. Kitabu cha Miiraji kilichotengenezwa huko mnamo 1436, chenye maandishi ya Kituruki kwa herufi za Kiuighuri, kinamwonyesha Mtume juu ya Buraki akipita mbingu hadi mbingu, akikutana na manabii, akiiona Pepo na Moto. Uso bado unaonekana, lakini mwili mzima umezungukwa na ndimi za moto wa dhahabu. Aliyezoea kaswida za maulidi hahitaji kuambiwa maana yake: ni Nuru. Kitabu hicho sasa kiko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Kilinunuliwa Istanbul mwaka 1673 na Antoine Galland, yuleyule aliyewafikishia Wazungu hadithi za Alfu Lela Ulela.

Kisha, kuanzia miaka ya 1500, uso unafunikwa. Katika nakala ya mashairi ya Nizami iliyotengenezewa Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi, kati ya 1539 na 1543, ambayo iko Maktaba ya Uingereza, kuna Miiraji ambayo kwa maoni yangu ndiyo picha nzuri kuliko zote za jinsi hii. Mawingu yanapasuka, malaika wanakuja na sahani za moto na taji, Mtume yuko katikati ya mwali mkubwa, na mahali pa uso pana kitambaa cheupe. Wasomi wanabishana kwa nini kitambaa kilikuja wakati ule. Wengine wanakiona kama ishara ya mafakihi kupata nguvu. Wengine wanasema kimetokana na Usufi: nuru hiyo haitazamiki, na macho ya kawaida yanahitaji kizuizi. Naegemea upande wa pili, kwa sababu mafakihi wasingeridhika na kitambaa. Kwa hukumu ya Nawawi mwili uliochorwa bila uso bado umechorwa, na Buraki aliyepandwa pia.

Halafu Istanbul. Sultani Murad III aliagiza sira ya Mtume, iliyoandikwa kwa Kituruki na Mustafa Darir karne mbili kabla, inakiliwe na kupambwa. Kazi ilikamilika mnamo 1595: juzuu sita, picha 814. Mtume yuko karibu kila mahali, na uso wake umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Leo juzuu zimetawanyika, baadhi Topkapi, moja Dublin, moja New York. Hiyo ni dola ya Kisunni ya madhehebu ya Hanafi, yenye Sheikh ul-Islam wake. Kwa hiyo anayesema “Masunni hawakuchora, ni Mashia tu” hana habari ya Murad.

Baadhi ya picha hizi zimekwanguliwa usoni. Mara nyingi tunaambiwa ni kazi ya mtu aliyechukia picha, na huenda mara nyingi ni kweli. Lakini Christiane Gruber wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyezisoma kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kufutika kwingine kumetokana na kuguswa na kubusiwa na wasomaji waliopenda. Kama ni hivyo, basi watu wa Nuhu walikuwa wanaanza kurudi kimyakimya ndani ya maktaba, na waliokuwa na hofu hawakuwa wajinga.

Picha ya maneno

Wakati wachoraji wa Kiothmani wakifunika uso, waandishi wa hati walipata njia nyingine ya kumweka Mtume ukutani bila kuvunja chochote. Hafiz Osman, aliyefariki 1698, aliipa umbo mashuhuri karatasi inayoitwa hilye: duara katikati lenye maelezo ya Sayyidna Ali juu ya umbo la Mtume, majina ya makhalifa wanne pembeni, na aya ya “Hatukukutuma ila uwe rehema kwa walimwengu wote” chini ya duara. Ali anasema hakuwa mrefu wa kupindukia wala mfupi, nywele zake hazikuwa za kipilipili wala za kunyooka kabisa, kati ya mabega yake palikuwa na mhuri wa utume. Aliyemwona ghafla alimcha, aliyekaa naye akamjua alimpenda. Waturuki waliitundika nyumbani kama kinga na baraka.

Msomaji wa Unguja au Mombasa anaweza kudhani hili ni la mbali. Si la mbali hata kidogo. Maulidi ya Barzanji, iliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, ina mlango mzima unaoeleza umbo la Mtume: kimo cha wastani, rangi nyeupe iliyochanganyika na wekundu, macho mapana kama yaliyotiwa wanja, kope ndefu. Husomwa kwenye hitima, arusi, na mwezi wa Mfungo Sita kote pwani. Maulidi ya al-Habshi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha, Lamu, yana sehemu kama hiyo, na Hamziya, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi wa Pate, ni sifa tupu. Mswahili anayesema hajawahi kuona picha ya Mtume amesikia sura yake ikielezwa, kipengele kwa kipengele, tangu utoto. Msomaji anapofika palipozaliwa, watu husimama na marashi hunyunyizwa.

Na hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoonyesha meno hata kwa maneno. Wenye mrengo wa Kisalafi hapa kwetu hupinga maulidi, hasa kule kusimama, na mojawapo ya hoja zao ni hadithi ya Bukhari: msinisifu kupita kiasi kama Wanasara walivyomsifu mwana wa Maryamu, mimi ni mja tu. Ukiikubali hofu ya ushirikina kwa ukamilifu wake, haiishii kwenye karatasi na rangi. Wapenzi wa maulidi hujibu kwamba kumsifu si kumwabudu. Jibu hilohilo lingeweza kutolewa na mchoraji wa Herat.

Mwigizaji mlevi na kamera isiyogeuka

Sinema ilileta pingamizi la tatu mbele. Mwaka 1926 ilijulikana Misri kwamba mwigizaji Youssef Wahbi amekubali kuigiza kama Mtume katika filamu iliyokusudiwa kutengenezwa nje. Al-Azhar, chuo kikuu mashuhuri cha Kiislamu cha Kairo, ikapinga, Mfalme Fuad akamtisha Wahbi kumvua uraia, naye akajitoa. Hoja iliyokuwa nzito haikuwa kwamba mtu anaumba uhai, wala kwamba watazamaji wa Kairo wataisujudia skrini. Ilikuwa ya heshima. Mwigizaji ana uso wake, na jana ameigiza mlevi, kesho ataigiza mwizi. Kila anayesikia jina la Mtume ataona uso huo. Na maneno atakayosema ambayo Mtume hakuyasema yatakuwa uzushi, na hadithi ya mwenye kumzulia uongo makusudi inajulikana: ajiandalie makazi yake Motoni.

Ndiyo maana Moustapha Akkad, alipotengeneza filamu yake ya mwaka 1976 juu ya kuanza kwa Uislamu, aliamua Mtume asionekane wala asisikike. Watu huongea na kamera, kamera ndiyo mahali pake. Hamza anaonekana; Ali haonekani, ila ncha mbili za upanga wake. Hata hivyo Machi 1977, kundi lenye silaha liliteka watu katika majengo matatu ya Washington na kudai, pamoja na mambo mengine, filamu hiyo isionyeshwe. Walichokuwa wanakipinga hakikuwemo ndani yake.

Mpaka wa nani asionyeshwe bado unagombaniwa. Ramadhani ya 2012 kituo cha MBC kilirusha tamthilia ndefu ya maisha ya Umar bin al-Khattab, na uso wa mwigizaji ukawa wazi. Al-Azhar ikapinga. Lakini waliopitia maandishi yake walikuwa masheikh wakubwa, akiwemo Yusuf al-Qaradawi. Mwaka 2015 Majid Majidi wa Iran alimwonyesha Mtume akiwa mtoto, kwa mgongo, mikono na nywele, bila uso. Al-Azhar na Mufti wa Saudia walilaani. Upande wa Kishia, Ayatullah Sistani amejibu kwamba kuwaonyesha mitume na maimamu kunafaa ilimradi heshima itunzwe na hadhi yao isipungue akilini mwa watu. Ukilisoma jibu hilo kwa makini unaona ni pingamizi lilelile la heshima, ila limewekwa kama sharti badala ya ukuta.

Marekani ilitoa mfano ambao ungependeza hata kama umetungwa. Juu ya jengo la mahakama ya rufaa pale Madison Square, New York, palikuwa na sanamu ya Mtume kati ya masanamu ya watoa sheria wakuu. Mwaka 1955, baada ya maombi ya Misri, Indonesia na Pakistan, iliondolewa. Ndani ya Mahakama ya Juu ya Marekani, jijini Washington, kuna nakshi ya mawe ya miaka ya 1930 inayomwonyesha pia kati ya watoa sheria, Qurani mkononi. Mwaka 1997 jumuiya za Waislamu ziliomba iondolewe, na Jaji Mkuu Rehnquist akakataa. Kisha Sheikh Taha Jabir al-Alwani, mwenyekiti wa Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini, akatoa fatwa ndefu ambayo ilihitimisha kwamba nakshi hiyo ilikusudiwa kumheshimu na haistahili hasira. Dini ile ile, mchongo unaofanana, miji miwili, majibu mawili. Tofauti ni pingamizi gani uliloliweka mbele.

Vibonzo

Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha vibonzo 12, na kimoja kilimweka Mtume na bomu kilembani. Kwa miezi iliyofuata wachambuzi wa Ulaya walieleza kwamba Waislamu wamekasirika kwa sababu dini yao inakataza picha. Maelezo hayo yalikuwa rahisi na yalikuwa na makosa.

Ushahidi uko Iran. Madukani mwa Tehran, kwa miaka kadhaa, iliuzwa picha ya kijana mzuri mwenye kilemba na tabasamu, ikisemwa ni Mtume akiwa barobaro. Watafiti wawili wa Uswisi, Pierre Centlivres na Micheline Centlivres-Demont, waligundua chanzo chake: picha ya kijana wa Tunisia iliyopigwa mwanzoni mwa karne ya 20 na studio ya Lehnert na Landrock, iliyouzwa kwa watalii kama postikadi. Watu walikuwa wakiiweka nyumbani kwa mapenzi. Na Februari 2006, katika mji huohuo, waandamanaji waliushambulia ubalozi wa Denmark. Kilichowaudhi si kuchorwa kwa Mtume. Ni kutukanwa kwake.

Pingamizi hili la nne halihitaji fiqhi ya picha hata kidogo. Kibonzo kile kingeandikwa kwa maneno, bila mstari mmoja wa kalamu, kingeumiza vilevile. Waandishi wanaolitibu kwa kueleza hadithi za wachoraji wanajibu swali ambalo halijaulizwa, na wanaotumia michoro ya Herat kuwaambia Waislamu “mbona nyinyi wenyewe mlimchora” wanafanya kosa hilohilo kwa upande wa pili. Wala hasira hiyo haihalalishi mauaji ya watu 12 pale Charlie Hebdo, Paris, tarehe 7 Januari 2015. Uongozi wa al-Azhar wenyewe uliyalaani.

Sababu ya makatazo haya yote kuonekana kama moja leo, nadhani, ni kwamba picha imetoka maktabani. Kitabu cha Murad kilionwa na watu wa ikulu. Picha hiyohiyo sasa hufika kwenye simu ya mama aliyeketi Tandale, bila hadithi iliyo pembeni mwake, mara nyingi ikiletwa na mtu anayetaka kumchokoza. Katika hali hiyo hakuna muda wa kuuliza ni ya karne gani na ilichorwa kwa nia gani. Hapana moja tu hutosha, na inatoka haraka.

Liko eneo moja ambalo hata hapana hiyo haitoki. Kwa hukumu ya wanazuoni wale wale, Isa, Musa na Nuhu ni mitume, na kilichoharamishwa kwa Muhammad kimeharamishwa kwao. Mwaka 2014 Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu zilizuia filamu ya Hollywood juu ya Nabii Nuhu kwa hoja hiyo. Lakini filamu ya maisha ya Yesu imeonyeshwa kwa Kiswahili katika viwanja vya vijiji vingi vya Tanzania na Kenya, na Waislamu wamekuwa miongoni mwa watazamaji. Stika ya Yesu kwenye kioo cha nyuma cha daladala hupita mbele ya misikiti kutwa nzima, na abiria mwenye kofia ya kiua hupanda bila kusema neno. Huenda ni ujirani, na ujirani wa pwani ni wa zamani. Lakini naona kuna jambo jingine: yule mwenye nywele ndefu za rangi ya asali na macho ya Kizungu, abiria anamjua kuwa ni Yesu wa wenzake. Hamtambui kabisa kuwa ni Isa aliyemsoma madrasani.